Uhlenhaut: Kocha wa Mercedes aliyewatoa jasho mastaa wake

EURO 135 milioni. Mtajie shabiki wa soka kiasi hicho, kitu cha kwanza atakachouliza ni jina la mchezaji na timu anayokwenda. Ni fedha nyingi kuliko Euro 105 milioni ambazo Manchester United ilitoa kumrudisha Paul Pogba mwaka 2016, na nyingi kuliko Euro 100 milioni ambazo Juventus iliilipa Real Madrid kwa Cristiano Ronaldo mwaka 2018. Ni wachache sana, akiwamo Neymar wa Euro 222 milioni, waliowahi kuvuka hapo.

Lakini safari hii sio mchezaji. Mei 5, 2022, ndani ya makumbusho ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani, gari moja la mwaka 1955 lilipigwa mnada kwa bei hiyo. Kwa fedha zetu ni zaidi ya Sh300 bilioni. Rekodi iliyokuwapo ya gari mnadani ilikuwa ya Ferrari 250 GTO iliyouzwa Dola 48.4 milioni mwaka 2018. Hii ya Mercedes haikuivunja tu, iliiacha mbali kabisa.

Kituko chenyewe ni hiki: gari hilo halijawahi kucheza mechi. Liliundwa kwa ajili ya mashindano, lakini halikuanza shindano hata moja. Na jamaa ambaye gari linaitwa kwa jina lake, Rudolf Uhlenhaut, naye hakuwahi kujipanga kwenye mstari wa kuanzia kama dereva wa mashindano, pamoja na kwamba kwenye mazoezi alikuwa na uwezo wa kumtoa jasho bingwa wa dunia.

Huyu alikuwa kocha. Ila alikuwa kocha wa aina yake, wale ambao mshambuliaji akilalamika mpira mbovu, anavua koti, anaingia mwenyewe uwanjani na kuupiga wavuni.

MTOTO WA LONDON

Uhlenhaut alizaliwa Julai 15, 1906, London. Baba yake alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi Deutsche Bank tawi la huko, na mama yake alikuwa Mwingereza. Dogo akakua akiongea Kiingereza na Kijerumani kama maji. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, familia yenye jina la Kijerumani haikuwa na maisha tena Uingereza, wakaondoka.

Alisoma uhandisi wa mitambo Munich, na mwaka 1931 akaajiriwa Daimler-Benz, kampuni inayotengeneza Mercedes. Hakuanzia kwenye magari ya mashindano. Alipewa kazi za kawaida za fundi msomi: kabureta na majaribio ya magari ya abiria. Kwa lugha yetu, alianzia timu ya vijana, tena benchi.

Miaka hiyo mbio za Grand Prix Ulaya zilikuwa vita ya Wajerumani wenyewe kwa wenyewe, Mercedes dhidi ya Auto Union. Serikali ya Hitler ilizimwagia fedha timu zote mbili kwa sababu ilitaka ushindi wa kujitangazia. Hilo halifichiki kwenye historia hii, na lina uzito wake.

Mwaka 1936 Mercedes ilichapika vibaya. Gari lao la W25 likawa gumu kuendesha, na Bernd Rosemeyer wa Auto Union akabeba ubingwa wa Ulaya. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba Mercedes ilijiondoa kabla msimu haujaisha, ikarudi nyumbani kujiuliza imekosea wapi.

Timu ikifungwa, viongozi wanatafuta wa kumtoa. Mercedes walifanya kitu tofauti. Waliunda idara mpya ya ufundi wa magari ya mashindano, wakamkabidhi Uhlenhaut aongoze. Alikuwa na miaka 30 na hakuwa na historia yoyote ya mashindano.

AKAINGIA MWENYEWE

Tatizo la kwanza alilokutana nalo ni lile lile linalowasumbua makocha hadi leo. Wahandisi walikaa kwenye meza zao za kuchora, madereva walikaa kwenye usukani, na baina yao hapakuwa na lugha moja. Dereva anasema gari linayumba, mhandisi anaangalia mchoro wake anaona kila kitu kiko sawa.

Uhlenhaut akachukua magari, akaenda nayo Nürburgring, uwanja wa mbio uliopita katikati ya misitu ya milima ya Eifel, karibu kilomita 23 kwa mzunguko mmoja na kona zaidi ya 150. Akakaa mwenyewe kwenye usukani, akazunguka, akarudi, akazunguka tena. Hakuwa amewahi kuendesha gari la Grand Prix. Akajifunza hapo hapo.

Alichokigundua kilikuwa kinyume na imani ya mafundi wa wakati ule. Waliamini gari la mashindano lazima liwe na springi ngumu. Matokeo yake, gari likipita kwenye tuta au bonde, springi hazicheki, na chesisi ndiyo inayojipinda badala yake. Tairi zinaruka, na tairi iliyoko hewani haishiki barabara. Aliyewahi kupanda Bajaji kwenye barabara ya makorongo anaelewa tunachosema.

Yeye akageuza mambo: chesisi iwe ngumu isiyojipinda, springi ziwe laini zenye nafasi ya kucheza, na shokapu zizuie gari lisidundedunde. Sasa tairi zikawa zinabaki chini, zinafuata barabara inavyokwenda.

Mwaka 1937 likatoka gari la W125, lenye injini ya silinda nane na nguvu za farasi karibu 600. Rudolf Caracciola akarudisha ubingwa wa Ulaya nyumbani. Kutoka timu iliyokimbia mashindano katikati ya msimu hadi bingwa, yote ndani ya mwaka mmoja.

TRIPOLI, MEI 7, 1939

Kama unadhani kubadilisha kanuni katikati ya safari ni ugonjwa wa soka letu tu, sikia hii. Waitaliano walichoka kufungwa na Wajerumani kwenye mashindano yao ya Tripoli, Libya, ambayo wakati huo ilikuwa koloni lao. Ulipokaribia msimu wa 1939 wakatangaza kwamba magari yatakayoruhusiwa ni yenye injini ya lita 1.5 tu. Mercedes walikuwa na injini ya lita 3. Hesabu ya Waitaliano ilikuwa nyepesi: Wajerumani hawana gari, sisi tunalo.

Uhlenhaut na wenzake walibaki na miezi isiyofika minane. Ndani ya muda huo wakabuni na kuunda gari jipya kabisa, W165, injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Magari mawili tu yalifika Tripoli. Hermann Lang akamaliza wa kwanza, Caracciola wa pili. Waitaliano wakabaki na kanuni yao mikononi.

Miezi minne baadaye Vita Kuu ya Pili ikaanza. Mbio zikafa. Kiwanda kikatumikia jeshi, na maelfu ya watu wakafanyishwa kazi humo kwa nguvu. Vita ilipoisha, Stuttgart ilikuwa magofu.

JULAI 4, 1954

Mercedes ilirudi taratibu. Mwaka 1952, ikiwa haina fedha za kutosha, Uhlenhaut alichukua injini ya gari la kifahari la kawaida, akaizungushia fremu ya vyuma vyembamba vilivyounganishwa kama utando wa buibui. Fremu hiyo ilikuwa na uzito wa takriban kilo 50 tu, watu wawili wanaibeba bila shida. Lakini ubavuni ilipanda juu, hivyo milango ya kawaida haikuwezekana. Suluhisho likawa milango inayofunguka kwenda juu, kama mabawa ya ndege. Wengi wanadhani ile milango ilikuwa madoido. Haikuwa madoido, ilikuwa shida iliyotafutiwa dawa.

Gari hilo, 300 SL, likashinda Saa 24 za Le Mans mwaka huo huo, halafu likaenda Mexico kushinda Carrera Panamericana. Mwaka 1954 likatolewa toleo la kuuzwa kwa watu wenye fedha zao, na hadi leo ni moja ya magari yanayotambulika haraka zaidi duniani.

Kisha ikafika siku ambayo shabiki wa soka hana haja ya kukumbushwa. Julai 4, 1954, mjini Bern, Uswisi, Ujerumani Magharibi ilikuwa nyuma mabao mawili kwenye fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Hungary ya Ferenc Puskas, timu iliyokuwa imewapiga 8-3 kwenye makundi. Wakasawazisha, halafu Helmut Rahn akafunga la tatu. Ikaisha 3-2.

Siku hiyo hiyo, Reims, Ufaransa, Mercedes ilikuwa inarudi kwenye mbio za Grand Prix kwa mara ya kwanza tangu vita. Gari la W196, kazi ya timu ya Uhlenhaut, likamaliza la kwanza likiwa na Juan Manuel Fangio, na la pili likiwa na Karl Kling. Nchi iliyokuwa imetengwa na dunia ikapata ushindi wa aina mbili kwa siku moja.

FANGIO NA MTU WA SUTI

Fangio alikuwa Muargentina, bingwa mara tano wa Formula One. Naye alisakata soka kwao Balcarce, na jina lake la utani, El Chueco, yaani mwenye matege, linahusishwa na miguu yake ya uwanjani.

Ipo simulizi ambayo imedumu Stuttgart kwa miaka mingi. Fangio alikuwa mazoezini Nürburgring na hakuridhika na jinsi gari lilivyowekwa. Akamlalamikia Uhlenhaut. Mzee alikuwa ametoka kula chakula cha mchana, amevaa suti na tai. Akaingia kwenye gari lile lile, akazunguka, akarudi na muda mzuri kuliko wa Fangio kwa sekunde tatu. Akashuka, akamshauri bingwa aongeze mazoezi.

Huenda simulizi imeongezwa chumvi kadiri ilivyopita mdomo hadi mdomo. Ila kasi ya Uhlenhaut haikuwa hadithi, na Stirling Moss aliyekuwa dereva wa timu hiyo alimheshimu kwa hilo. Kwa nini basi hakuwa dereva wa mashindano? Jibu ni la kikatili kidogo. Madereva walikuwa wanakufa kila msimu, na kampuni ingeweza kumpata dereva mwingine. Uhlenhaut mwingine isingempata wapi.

LE MANS ILIYOBADILISHA KILA KITU

Mwaka 1955 ulianza kwa shangwe. Mei 1, Moss na msoma ramani wake Denis Jenkinson walishinda Mille Miglia, mbio za karibu kilomita 1,600 kwenye barabara za kawaida za Italia, kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Gari lilikuwa 300 SLR, silinda nane, lita 3, lisilo na paa.

Uhlenhaut alikuwa ameshaanza kuwaza hatua inayofuata. Carrera Panamericana ya Mexico ilikuwa mbele, siku kadhaa za barabara ndefu, vumbi na upepo. Dereva asiye na paa angechoka. Hivyo chesisi mbili za 300 SLR zikavalishwa bodi yenye paa na milango ya kufunguka juu. Likawa gari la watu wawili, la safari ndefu za kasi kubwa, kile ambacho wenye mambo yao wanakiita GT.

Halafu ikaja Juni 11, Le Mans. Saa chache baada ya mbio kuanza, 300 SLR ya Mfaransa Pierre Levegh iligonga gari lililokuwa mbele yake, ikapaa, ikaanguka kwenye kingo za jukwaa na kulipuka. Vipande vya injini na chesisi vikapita katikati ya watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa pamoja na Levegh mwenyewe. Hadi leo ndiyo ajali mbaya zaidi katika historia ya mbio za magari.

Fangio na Moss walikuwa wanaongoza kwenye gari lao. Usiku wa manane amri ikatoka Stuttgart, magari yaliyobaki yakaondolewa. Mashindano kadhaa yakafutwa mwaka huo, Carrera Panamericana ikiwamo. Mercedes ikamaliza msimu ikiwa bingwa wa magari ya michezo na Fangio akiwa bingwa wa Formula One, kisha ikajitoa. Timu yake ya kiwanda haikurudi Formula One hadi mwaka 2010.

Yale magari mawili yenye paa yakabaki gereji. Yalisajiliwa kwa ligi iliyovunjwa kabla hawajaingia uwanjani.

KUENDESHA MNYAMA BARABARANI

Kampuni nyingine ingeyafungia stoo. Uhlenhaut akachukua moja, akalifanya gari lake la kazi.

Tuelewane vizuri hapa. Hili lilikuwa gari la mashindano lililopakwa rangi ya fedha na kupewa paa, lenye nguvu za farasi kama 300 kwenye uzito wa tani moja na ushee, na uwezo wa kwenda karibu kilomita 290 kwa saa. Mwaka 1955 gari la kawaida la familia Ulaya lilikuwa linahema likifika 110.

Kuingia tu ni kazi. Unafungua mlango juu, unachomoa usukani, unapitisha miguu juu ya ubavu mpana wa fremu, unakaa, halafu unarudisha usukani mahali pake. Chini, miguu haikai pamoja. Klachi iko upande mmoja wa mtambo, breki na mafuta upande wa pili, hivyo dereva anaendesha amejitanua kama amepanda farasi. Injini imelazwa ubavu ili boneti ishuke. Giaboksi ya gia tano iko nyuma. Joto la injini linaingia ndani, na paa linalozuia upepo linazuia pia hewa.

Halafu kelele. Kwenye gari la wazi mlio unapotelea hewani. Ukiufungia ndani ya bati jembamba, unakaa nao masikioni. Ilibidi kwenye ekzosi ifungwe saileensa kubwa kama sanduku ili gari liweze kupita mbele za watu. Husimuliwa kwamba Uhlenhaut alipozeeka alivaa kifaa cha kumsaidia kusikia, na walio wengi wanalilaumu gari hili.

Barabara kuu za Ujerumani Magharibi wakati huo hazikuwa na kikomo cha kasi, wala hazikuwa na foleni za leo. Inasimuliwa kwamba siku moja alichelewa kikao Munich. Kutoka Stuttgart ni kilomita zipatazo 220, ambazo leo ukiendesha kistaarabu unatumia zaidi ya saa mbili. Yeye akafika kwa saa moja na dakika chache.

MPAKA BARABARA ZETU

Baada ya 1955 alirudi kwenye magari ya watu wa kawaida, akiwa kwenye safu ya juu ya wahandisi wa Mercedes. Hapo ndipo hadithi inapotugusa. Mwaka 1959 na 1960, Bill Fritschy alishinda Safari Rally kwa Mercedes 219, na mwaka 1961 John Manussis akaibeba kwa Mercedes 220 SE. Mashindano hayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye matope ya masika na mashimo yasiyo na huruma.

Hayakuwa magari maalumu, yalikuwa ya familia, yale yale yaliyokuja kuwapa wakubwa wa huku jina la wabenzi. Yalichukua Safari mara tatu mfululizo kwa sababu yalikuwa imara na yalijua kukanyaga barabara mbovu. Yule kijana wa mwaka 1936 aliyesema acha springi icheze, tairi ibaki chini, angelielewa somo hilo bila kufundishwa.

Alistaafu mwaka 1972 na kufariki Stuttgart Mei 8, 1989, akiwa na miaka 82. Inaelezwa kwamba maisha yake yote hakumiliki gari lake binafsi. Aliendesha ya kazini.

Kati ya yale magari mawili, moja bado liko kwenye makumbusho ya Mercedes. Lililouzwa lilikwenda kwa tajiri ambaye jina lake halikutangazwa, kwa makubaliano kwamba litaendelea kuonyeshwa hadharani nyakati maalumu. Fedha zilienda kuanzisha mfuko wa kusomesha vijana, hasa katika mambo ya mazingira.

Washindi wote wa enzi ile wana vikombe vyao: Fangio, Moss, Lang, Caracciola. Uhlenhaut hana kikombe hata kimoja cha dereva, na gari lake halina hata nafasi ya mwisho kwenye msimamo. Ila mwaka 2022, watu wenye fedha walipokaa kupanga bei, hao wawili wasiocheza ndio walioongoza ligi.